Watu wa Kuja katika Historia ya Taifa Letu



Juma hili tumeona vema kuyaacha kidogo masomo ya Dominika, ambayo makatekista wetu wameyaeleza vizuri katika jumuiya ndogondogo, tupate kusema neno juu ya jambo linalowagusa walimu na wazazi wengi hapa kwetu, yaani namna tunavyowafundisha watoto asili ya taifa lao. Tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilipoingizwa katika mitaala mipya, wanafunzi wamekuwa wakifika nyumbani mwa mapadre na madaftari yao, huyu akiazima kitabu, yule akiulizia jina au mwaka. Tumeyasoma madaftari hayo. Mengi yameandikwa kwa bidii na kwa mwandiko wa kupendeza. Lakini karibu yote yanasimulia kisa kimoja: hapo kale walikuwapo wenyeji wakiishi kwa amani, kisha wakaja wageni, Mreno, Mwarabu, Mjerumani na Mwingereza, kila mmoja na maovu yake, hatimaye mwaka 1961 wageni wakaondoka na taifa likazaliwa.

Kisa hiki si cha uongo mtupu. Biashara ya watumwa ilipita katika njia hizi hizi tunazopita sisi kwenda vigangoni. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, viliiteketeza kusini yote, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Hatuombi maovu hayo yapunguzwe hata nukta moja. Tunachosema ni kwamba kisa hiki kimekatwa nusu. Ndani yake neno "mgeni" lina maana moja tu, mvamizi. Na mtoto aliyefundishwa hivyo hutoka darasani akiamini, hata kama mwalimu hakukusudia, kwamba nchi hujengwa na waliokuwapo na hubomolewa na waliokuja.

Basi na tuanze na vinywa vyetu wenyewe. Mwambieni mtoto ataje maneno ambayo bila hayo hatuwezi hata kuizungumzia nchi yetu: taifa, raia, rais, uhuru. Yote yalitujia kutoka Kiarabu. Serikali ni neno la Kiajemi. Bendera ni la Kireno, na shule anayosomea ni la Kijerumani. (Gereza nalo ni la Kireno, na asili yake ni neno lao la kanisa, wanafunzi wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wasiambiwe hilo mapema.) Na tunaposimama wima kuuimba wimbo wa taifa, tunaimba kwa sauti aliyoitunga mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kwa sababu hiyo wimbo ule si wetu.

Hata mkonge, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mhimili wa uchumi wa Tanganyika, ni wa kuja. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika pwani hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakapatikana mashamba ya Tanga na Morogoro. Na katika mashamba hayo walikatia majani, chini ya jina lile la uchungu la manamba, watu waliotoka Songea na Kigoma, na pia waliotoka Msumbiji, Rwanda na Burundi. Wengi hawakurudi. Wajukuu wao leo ni walimu, madiwani na wanakwaya, na wala hawakumbuki kwamba babu aliwahi kuwa mgeni.

Wangoni tunawajua sote. Walianzia mbali kusini, wakaikimbia misukosuko ya nchi ya Wazulu, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakafika hadi Ufipa, na baada ya kifo chake wakagawanyika, wengine wakashuka hata Songea. Njiani walipora na kuteka. Wazee wa makabila waliyoyapitia hawakuyasahau hayo upesi. Lakini Majimaji ilipofika Ungoni, Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wenzake wengi, na leo mji na mkoa vina mashujaa wao katika watu ambao vizazi vitatu nyuma walikuwa wavamizi. Hapo ndipo tungependa mwalimu atue chaki mezani, awaache wanafunzi wafikiri kidogo, badala ya kuwaamuru waandike sababu sita za Wangoni kuhama.

Lakini kisa tunachokipenda kuliko vyote ni cha ukoo wa Sykes wa Dar es Salaam. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, alipotumwa kuwavunja nguvu Abushiri na watu wa pwani, aliajiri askari wa Kisudani, na wengine aliowachukua Msumbiji, walioitwa Wazulu. Mmoja wao alikuwa Sykes Mbuwane. Alikuja, basi, na bunduki ya mkoloni begani. Kwa hesabu ya madaftari yale tuliyoyasoma, huyu ni mgeni wa namna iliyo mbaya kuliko zote. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Kijana huyu naye alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi ya reli chini ya Waingereza. Na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Waafrika, African Association, na katibu wake. Chama hicho ndicho kilichokua kikawa TAA, na TAA ndiyo iliyogeuka kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kadi ya TANU namba 1 alipewa Mwalimu Julius Nyerere. Namba 2 ilikuwa ya Ally Sykes, na namba 3 ya ndugu yake Abdulwahid, wana wa Kleist.

Tuirudie kwa utaratibu: babu aliletwa kuitiisha nchi, mwana akaanzisha chama cha kuiunganisha, wajukuu wakatoa nyumba yao, fedha zao na majina yao ili ikombolewe. Ni miaka 65 tu tangu meli ya Wissmann hadi Saba Saba. Tumewauliza wanafunzi wa kidato cha nne wanaokuja kwetu kama wamewahi kukisikia kisa hiki. Wawili walilijua jina la Sykes, na mmoja kati yao alidhani ni Mwingereza.

Tena taifa letu lilikuwa na bahati ambayo mataifa mengi hayakuipata: swali la nani ni mwenzetu liliulizwa wazi, mchana, mbele ya watu, kabla ya bendera kupandishwa. Januari 1958, pale Tabora, TANU ilikutana kuamua kama ishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni tusi, na kwa kweli lilikuwa tusi, maana wachache walipewa viti sawa na walio wengi. Mwalimu aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuunda chama chake cha kutaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao. TANU iliwaunga mkono wagombea wa Kiasia na Kizungu waliokubali siasa yake, na mtego ule ukawanasa waliouweka. Miongoni mwa walioingia Baraza la Kutunga Sheria kwa njia hiyo alikuwamo Sophia Mustafa, aliyezaliwa India. Derek Bryceson, Mzungu aliyezaliwa China. Na Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza katika ukoo wa Kihindi.

Oktoba 1961, zikiwa zimebaki wiki chache kufikia uhuru, muswada wa sheria ya uraia uliletwa bungeni. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alisimama kwa hasira ambayo hakuionyesha mara nyingi, akawaambia kwamba kuupima uraia kwa rangi ya ngozi ni kuifuata njia ya Hitler, na kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kuikubali. Muswada ukapita. Mwaka uliofuata Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere, akapata chini ya asilimia 2 ya kura. Na katika uchaguzi mkuu wa 1965 Jamal na Bryceson walirudishwa bungeni kwa kura za Waafrika waliokuwa na uhuru kamili wa kuwakataa. Kwa maoni yetu, mjadala ule wa Oktoba 1961 ungestahili vipindi vitatu darasani, kuliko orodha ya mashariti ya mkutano wa Berlin.

Ukweli wote lakini. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na familia nyingi za Kihindi, zikiwamo zilizozaliwa hapa kwa vizazi, zilifunga masanduku zikaondoka. Huyo huyo Jamal alikuwa Waziri wa Fedha. Mwanafunzi mwenye akili atauliza yaliwezekanaje yote mawili, na mwalimu hana sababu ya kulikwepa swali hilo.

Wapo watakaosema: padre, hayo ni ya Dar es Salaam na ya wakubwa, sisi huku magharibi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, na sasa tutasema kwa nini.

Mwezi uliopita bibi mmoja alikuja ofisini kwetu. Halikuwa suala la kitubio, na yeye mwenyewe ameturuhusu kuliandika pasipo jina. Mjukuu wake yuko kidato cha pili. Mwalimu wa historia, kwa nia njema kabisa, aliwapa wanafunzi kazi ya kuandika asili ya koo zao: babu alitoka wapi, alikuja lini, alifanya kazi gani. Binti akamwuliza bibi. Bibi akamwambia aandike kwamba wao ni Waha wa Kasulu. Ninyi mnajua kwamba Kiha na Kirundi vinasikilizana kama ndugu wa tumbo moja, na kwamba uongo huo ni rahisi kuutunza. Binti aliandika, akapata alama nzuri, na insha yake ikasomwa mbele ya darasa. Bibi alitaka kujua kama ametenda dhambi. "Baba," alituambia, "mimi mwenyewe niliwahi kumfundisha kutosema uongo."

Bibi huyu aliletwa Katumba mgongoni mwa mama yake mwaka 1972, mauaji yalipowafukuza watu Burundi kwa makumi elfu. Katumba, Mishamo na Ulyankulu vilikuwa misitu. Serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi ardhi na majembe, wao wakatoa jasho. Walilima mahindi, maharagwe na tumbaku, wakajenga shule, wakajenga na makanisa, na baadhi yenu mlibatizwa ndani yake. Kuanzia mwaka 2007 waliulizwa kama wanataka kurudi au kubaki, na wengi mno wakachagua kubaki. Watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia. Vyeti vyao vilikawia miaka kadhaa, ndipo vikaanza kutolewa mwaka 2014. Bibi anacho cheti chake, amekifunga katika mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la vitenge. Kwa sheria, binti yule ni Mtanzania kamili kama sisi. Kwa daftari lake la historia, ni afadhali awe Muha.

Tulimjibu bibi kama padre anavyopaswa kujibu, nayo hayo yabaki kati yetu na yeye. Lakini ninyi tunawaambia kwamba hatudhani uongo ule ulianzia nyumbani kwake. Ulianzia katika somo lisilokuwa na nafasi ya kumweka babu yake. Kama binti angekuwa amesoma kwamba mwenye kadi namba 2 ya TANU alikuwa mjukuu wa mtu wa kuja, kwamba Wangoni ni wa kuja, kwamba baba yake mwalimu wake huenda alifika Mpanda na treni akitafuta kazi ya machimbo, angeona haya ya nini? Badala yake, uwanjani wenzake wanapogombana hutupiana neno "Mrundi" kama jiwe, na walio wakubwa tunapita tukicheka.

Kuna pingamizi moja ambalo hatuwezi kulipuuza. Tukisema kwamba sote tu watu wa kuja, je, hatuwaibii wale waliokuwapo kabla ya wote? Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi waliishi pale kwa uwindaji, kuchuma matunda na kurina asali tangu nyakati ambazo hakuna kabila jingine linaloweza kujilinganisha nazo. Kila aliyekuja, mfugaji au mkulima, Mbantu, Mkushi au Mniloti, aliwasogeza pembeni kidogo, na sehemu kubwa ya ardhi yao imekwenda. Kwao kuja kwa wengine hakukuwa baraka. Tunalikubali pingamizi hili moja kwa moja. Historia ya watu wa kuja si wimbo wa sifa. Ndani yake wamo waliopokea na wamo waliopokonywa, na pengine ukoo mmoja ulifanya yote mawili. Ndiyo maana tunataka ifundishwe, wala si ipambwe.

Wengine hutukumbusha ujambazi wa silaha uliozisumbua wilaya za mpakani wimbi kubwa la wakimbizi lilipoingia mwaka 1994. Tunaukumbuka; wapo kati yenu mliopoteza ndugu. Lakini mhalifu hushtakiwa kwa jina lake. Haishtakiwi lugha ya mama yake, sembuse mtoto aliyezaliwa miaka kumi na mitano baada ya tendo.

Na sisi Wakatoliki tuwe wa mwisho kushangaa. Mwisraeli alipoleta malimbuko ya shamba lake mbele ya kuhani, Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inamwagiza afanye nini kwanza? Asitaje ekari zake. Akiri kwa sauti kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga aliyeshuka Misri akiwa na watu wachache, akakaa huko ugenini. Yaani mtoto wa Kiyahudi alifundishwa asili ya taifa lake kikapu kikiwa mikononi. Na Kitabu cha Kutoka hakikuficha kwamba waliotoka Misri hawakuwa ukoo mmoja, bali walifuatana na kundi kubwa la watu mchanganyiko.

Kanisa letu hapa nchini nalo lilizaliwa hivyo. Bagamoyo, mwaka 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza na watoto waliokombolewa utumwani, waliotoka nchi mbalimbali za bara, wasiokuwa na ukoo wala lugha moja. Na kwa upande wetu huu wa ziwa tunaye Adriano Atiman. Alizaliwa kandokando ya Mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akatekwa angali mtoto, akauzwa ng'ambo ya jangwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa katekista na tabibu. Alioa huku. Mwanawe mmoja akawa padre. Aliwatibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60 ya kufunga vidonda, na hakuna aliyemwuliza kama ana haki ya kuitwa mtu wa Karema.

Tumezungumza na walimu sita wa parokia yetu wanaofundisha somo hili. Wanasema, na wana haki, kwamba mtaala ni mrefu, mtihani uko mbele, na hawawezi kuongeza mada. Hatuwaombi waongeze mada. Mada zipo: vuguvugu la kudai uhuru lipo, makabila na uhamaji vipo. Tunawaomba wabadili maswali. Badala ya "taja athari za wageni", mwanafunzi aulizwe nani alikuja, kwa nini, alimkuta nani, na mjukuu wake alikuwa nani. Na ile kazi ya kuandika asili ya ukoo isifutwe, kama mmoja wao alivyopendekeza tulipomweleza. Ila mwalimu aanze yeye kuisoma ya kwake mbele ya darasa, yote, pamoja na babu aliyehamia. Wawili kati ya sita wamekubali kujaribu muhula huu.

Kwa upande wa parokia, walezi wa TYCS wameandaa safari ya Karema wakati wa likizo, wanafunzi wakaone misheni na kusikia habari za Atiman kutoka kwa wazee wa huko. Barabara ni mbaya mvua zikishaanza, kwa hiyo haitaahirishwa. Wazee watatu wa Katumba wamekubali kusafiri nao na kusimulia mwaka 1972 ulivyokuwa, jambo ambalo mmoja wao hajawahi kuwasimulia hata watoto wake. Nafasi katika basi ni 50. Mzazi asiye na nauli asimzuie mtoto kwa sababu hiyo. Amwone katibu wa parokia baada ya Misa ya kwanza.